Mzee Mgaya na Kompyuta ya Binti Yake

Ukianza kuisoma hii, imalize. Ukiishia katikati utamlaumu Mzee Mgaya bure, naye hakuwa mtu mbaya.

Katika kijiji kimoja chenye baridi kali, nje kidogo ya mji wa Njombe, aliishi mkulima wa viazi aliyeitwa Bethuel Mgaya. Yeye na mke wake walikaa miaka mingi bila mtoto. Walipokuwa wamekwishazoea kuulizwa maswali na majirani, wakampata binti mmoja, wakamwita Lusungu, maana yake rehema.

Mzee Mgaya alimpenda binti huyo mpaka ikawa kero kwa wenzake. Ukikaa naye kilabuni, habari za Lusungu. Mkiwa kwenye kikao cha maji, habari za Lusungu. Na kila mara alimalizia kwa maneno yale yale:

"Mtoto wangu huyu hana kasoro, hata ya kusingiziwa."

Watu walicheka, lakini hawakuwa na la kumjibu. Lusungu alikuwa mpole, mchapakazi, na darasani hakuna aliyemgusa. Lilikuwepo jambo moja tu walilolisema pembeni. Walisema binti yule anaringa. Unaweza kupishana naye njiani, akakupita kama amepita mti. Usipomwamkia wewe, haamkii.

Maneno hayo yalipomfikia baba yake, alimwita.

"Mama, salamu inakugharimu nini? Watu wananiambia unawapita kama hawapo."

Lusungu aliinamisha kichwa. "Nisamehe, baba. Nitajirekebisha."

Na kweli alijirekebisha, akaanza kuamkia kila aliyekuwa mbele yake. Akaamkia wakubwa, akaamkia wadogo, na siku moja, mbele za watu waliokuwa wakitoka kanisani, akaipigia shikamoo sanamu ya kufukuzia ndege iliyosimikwa kwenye shamba la ngano. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wengine wakakasirika, wakasema sasa anawadhihaki.

Lusungu alimaliza kidato cha sita, akafaulu vizuri, akachaguliwa kwenda chuo. Chuo kikawaambia wanafunzi wapya kwamba kila mmoja afike na kompyuta yake mpakato. Wazazi wengine wa eneo hilo walishika vichwa. Mzee Mgaya hakushika kichwa, kwa sababu mwaka ule viazi vilikubali na bei ilikuwa nzuri. Zaidi ya hapo, alikuwa amekwisha kujua kompyuta anayoitaka.

Aliiona Krismasi iliyopita. Kijana wa Mzee Kiswaga, jirani yake, alikuja likizo kutoka mjini na kompyuta ya rangi ya fedha, nyembamba kama sahani. Aliifungua sebuleni mbele ya wageni, ikawaka bila kelele, na kila mtu akasogea kuitazama. Mzee Mgaya aliondoka pale akiwa na picha ya kile kitu kichwani, na juu ya picha hiyo ameweka mikono ya binti yake.

"Umemuuliza mwenyewe anataka ya namna gani?" mke wake alimwuliza walipokuwa wakila.

"Nimwulize nini? Mtoto anajua nini kuhusu kompyuta?"

"Na wewe unajua nini?"

Mzee Mgaya akacheka. "Mimi nzuri nikiiona naijua."

Basi wakaenda mjini, baba na binti. Wakaingia kwenye duka la kompyuta la mwanamke mmoja aliyeitwa Mwanahawa. Alikuwa mzaliwa wa Tanga, na baridi ya Njombe ilikuwa haijamzoea wala yeye hajaizoea. Alivaa koti zito juu ya baibui, na juu ya koti alijifunga shuka.

"Shikamoo mzee. Karibuni."

"Marahaba, binti. Tumekuja kuchukua laptop. Huyu anakwenda chuo." Alilisema neno chuo kwa sauti ya kutosha kusikika hadi duka la pili.

Kompyuta mpya zilikuwa ndani ya kabati la kioo. Zilizotumika zilipangwa juu ya meza ndefu. Mzee Mgaya alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, na humo akaiona: ya rangi ya fedha, nyembamba, pacha wa ile ya Krismasi.

"Hii hapa," alisema. "Lusungu, njoo uone."

Lusungu hakuja. Alikuwa kwenye meza ndefu, amesimama mbele ya kompyuta kubwa nyeusi, nene kama tofali, iliyochubuka pembe zote. Alikuwa ameuinamia uso wa ile kompyuta mpaka pua yake ilikaribia kugusa kioo.

"Unainusa?" baba yake alimwuliza.

Mwanahawa akacheka. Lusungu akanyooka haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

"Baba, naomba hii."

"Hii? Hii nani kaitupa?"

"Ilikuwa ya ofisini, mzee," alisema Mwanahawa. "Kioo chake ni kipana sana. Lakini ni nzito, na sidhani kama ataweza kutembea nayo kila siku."

"Umependa nini hapa?" Mzee Mgaya alimwuliza binti yake.

"Ukubwa wake."

"Ukubwa? Kwani unakwenda kulima?"

Baba yake alimsogelea, akashusha sauti. Alidhani amekwishaelewa. "Mama, unanionea huruma? Hela ipo. Usiogope. Chukua kile kizuri."

"Siogopi hela, baba. Naomba hii tu."

"Njoo basi uishike hii nyingine kwanza."

Mwanahawa aliitoa ile nyembamba kabatini, akaiwasha, akaiweka mbele yake. Lusungu aliitazama kidogo, akarudi nyuma hatua moja.

"Hii sitaiweza," alisema.

"Hutaiweza kwa vipi? Ina moto?"

Lusungu akageuka tena kuitazama ile nyeusi.

Mzee Mgaya akaanza kukasirika. Alikumbuka matope ya msimu mzima, mgongo uliokuwa ukimuuma kila alipoinuka kitandani, na jinsi alivyokuwa akijiambia shambani kwamba haidhuru, kuna siku ataiona furaha usoni mwa mtoto huyu. Siku yenyewe ndiyo hii, na mtoto anamtaka amnunulie kitu kilichochubuka. Yale maneno ya watu yakamrudia, kwamba binti anaringa. Kwa mara ya kwanza akajiuliza kama hawakusema kweli.

"Sikiliza," alisema, na sasa sauti yake haikuwa ya kunong'ona tena. "Tukitoka hapa hakuna kurudi kubadilisha. Hebu tazama kile kibao pale ukutani. Kisome kwa sauti, ili kesho usije ukalia."

Lusungu aligeukia ukutani. Akakunja macho. Midomo yake ikacheza kidogo bila kutoa neno.

"Kimeandikwa... hakuna mkopo."

Mwanahawa aliinua uso. Mzee Mgaya naye akageuka kukitazama kibao. Kilikuwa kikubwa, maandishi mekundu, na yeye kwa macho yake ya uzee alikuwa amekisoma tangu mlangoni: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

"Soma tena."

"Hakuna mkopo, baba." Akakunja macho zaidi. "Au ni 'leo hakuna mkopo'?"

Mzee Mgaya alifungua mdomo amgombeze, maana alidhani anachezewa. Kisha akaiona mikono ya binti yake. Ilikuwa imeukamata ukingo wa meza kwa nguvu, kama mtu anayeogopa kuanguka.

Akaacha kumgombeza. Alitembea polepole mpaka mlangoni, akavua kofia yake, akaishusha mkononi. Kutoka pale akauliza kwa upole:

"Lusungu, mimi hapa nimevaa kofia au sijavaa?"

Lusungu alitazama mlangoni.

"Umevaa, baba."

Mwanahawa aligeuka akaanza kufuta kioo cha kabati ambacho hakikuwa na vumbi lolote.

Mzee Mgaya alirudi, akavuta stuli, akakaa. Mambo yalikuwa yakimjia yenyewe, moja likilivuta jingine. Wale watu waliopitwa njiani bila salamu. Shikamoo iliyopigwa kwa sanamu, na yeye mwenyewe alivyocheka siku ile pamoja na wengine. Jinsi mtoto alivyokuwa akisogea karibu kabisa kila akiitwa, hata kama ameitwa kwa jambo dogo la kujibu papo hapo.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Sijui ilianza lini," Lusungu alisema. "Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wote wanaona hivi. Nilidhani mwalimu akiandika ubaoni, sisi sote tunasikiliza tu. Siku moja, kidato cha pili, mwenzangu aliyekaa dawati la nyuma akanisomea ubao neno kwa neno. Nikadhani amekariri. Kumbe anauona."

"Na ulifaulu vipi?"

"Nilisikiliza sana. Na huyo mwenzangu akawa ananisomea, mimi namfafanulia asichoelewa. Tukaenda hivyo mpaka mwisho."

"Kwa nini hukuniambia? Hata mama yako hukumwambia?"

Lusungu alijibu akiitazama meza.

"Wewe ulikuwa unawaambia watu sina kasoro, baba. Ulikuwa unasema kwa furaha sana. Kila nilipotaka kukwambia, naisikia ile furaha. Nikaona heri nivumilie."

Mzee Mgaya alikuwa amewahi kupoteza shamba zima kwa ugonjwa wa viazi. Aliwahi kumzika mdogo wake. Lakini hakuwa amewahi kusikia maneno yaliyompata moyoni namna hiyo. Maneno aliyoyatamka kwa upendo ndiyo yaliyomfunga mtoto mdomo.

Akainuka. Akairudisha bahasha ya hela ndani ya koti.

"Binti," alimwambia Mwanahawa, "utatuwia radhi. Kompyuta ingoje kwanza. Wanaopima macho wako upande gani?"

Mwanahawa hakuonyesha kwa kidole. Alimwomba jirani yake amwangalizie duka, akatoka nao, akawasindikiza na shuka lake mpaka kwenye lango la hospitali.

Walipokuwa wakisubiri kwenye korido, Mzee Mgaya aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Mawazoni alimwona binti yake akishikwa mkono njiani kama kipofu. Aliona chuo kikipotea. Aliahidi mambo mengi moyoni, yote kwa Mungu, mengine hata hayawezekani.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo asiye na haraka. Alimkalisha Lusungu, akambadilishia vioo kimoja baada ya kingine, kisha akamwita baba.

"Mzee, macho yake hayana ugonjwa wa kutisha. Ya karibu kabisa anayaona, yakisogea mbali kidogo hayamfikii. Atavaa miwani tu."

"Miwani tu?"

"Miwani tu, mzee wangu."

Alishukuru, akamshika daktari mkono kwa mikono yake yote miwili. Lakini lile neno "tu" lilimchoma. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo kiasi hiki, na mtoto amekibeba peke yake utoto wake wote.

Nyumbani alimweleza mke wake kila kitu bila kujipendelea. Mama alilia, akaja akamkumbatia Lusungu, akamfuta uso kwa kanga kana kwamba ndiye aliyekuwa akilia. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Waliongea usiku huo kama watu waliokutana tena baada ya safari ndefu.

Miwani ilipokuwa tayari walikwenda kuichukua, na kutoka hospitali wakapita tena dukani kwa Mwanahawa. Lusungu aliingia, akasimama, akatazama ukutani. Akasoma kibao kwa sauti, neno kwa neno, kisha akaangua kicheko. Mwanahawa naye akacheka mpaka shuka likamdondoka.

Mzee Mgaya hakwenda kwenye kabati la kioo. Alivuta stuli, akamkalisha binti yake, yeye akabaki amesimama.

"Sasa nieleze," alisema. "Huko chuo unakwenda kusomea nini hasa? Mimi nimekuwa nikiwaambia watu 'mambo ya ardhi', lakini kusema kweli sijui."

Lusungu akamwangalia kwa mshangao. Kisha akaanza kumweleza. Ni upimaji ardhi, alisema. Atajifunza kupima viwanja na mashamba, kuchora ramani, kujua mpaka wa huyu unaishia wapi na wa yule unaanzia wapi, ili watu wasigombane. Ramani zitachorwa kwenye kompyuta. Alieleza kwa muda mrefu, na baba yake hakumkatiza hata mara moja.

"Kumbe," alisema mwishowe. "Kumbe ni kazi ya maana hivyo." Akamgeukia Mwanahawa. "Umesikia. Kwa kazi hiyo, ipi inafaa?"

"Ile nyembamba ya fedha haifai, mzee," Mwanahawa alijibu. "Ni nzuri kwa kuandika barua na kuangalia picha. Ukiiwekea ramani itakwama."

"Na hii nyeusi kubwa?"

"Hii nayo imechoka. Ina kioo kipana, lakini ndani ni ya zamani."

Baba na binti wakatazamana. Baba aliitaka moja kwa sababu ya watu, binti aliitaka nyingine kwa sababu ya macho, na hakuna hata moja iliyowafaa.

Lusungu alizunguka meza ndefu bila haraka. Aliuliza maswali, akawasha hii, akazima ile, akabofya, akabeba mkononi kupima uzito. Mwisho akachagua moja ya kijivu iliyotumika, si kubwa si ndogo, ambayo herufi zake nyingine zilikuwa zimefutika kwa kuguswa. Mwanahawa akasema hiyo ndiyo ambayo angemchagulia mdogo wake.

"Una hakika?" Mzee Mgaya aliuliza.

"Nina hakika, baba."

"Basi twende nayo."

Jioni yake Mzee Kiswaga alikuja kuiona. Aliigeuza huku na huku.

"Ndiyo hii?" aliuliza, kama mtu aliyetarajia zaidi.

"Ndiyo hii," Mzee Mgaya alijibu kwa raha. "Kaichagua mwenyewe. Hebu mwulize inafanya nini."

Mzee Kiswaga aliuliza, na chai ikapoa mkononi mwake akisikiliza habari za mipaka, maana yeye mwenyewe alikuwa na ugomvi wa mpaka tangu enzi za baba yake.

Siku ya safari ikafika. Basi lilipita asubuhi, likamchukua Lusungu na begi lake, kompyuta akiwa ameipakata. Mama na baba walibaki kando ya barabara wakipunga mikono. Basi likateremka bondeni, likavuka daraja, likaanza kupanda ule mlima wa ng'ambo, likasimama kwenye kona ya juu kuchukua abiria wengine. Kutoka pale lilionekana dogo kama kiberiti.

Simu ya Mzee Mgaya ikaita.

"Baba, mmeshaondoka hapo?"

"Zamani sana. Niko njiani naelekea shambani. Viazi havingoji mtu."

"Baba, nakuona."

Mzee Mgaya akatazama kule mlimani.

"Umesimama pale pale," Lusungu alisema, na sauti yake ilikuwa ya kicheko. "Mama kakuegemea. Na wewe unajifuta macho kwa mkono wa koti."

Mzee Mgaya akaushusha mkono haraka. Mke wake akaanza kucheka huku akilia.

"Ni upepo," alisema.

"Sawa, baba. Ni upepo." Kisha Lusungu akauliza taratibu, "Kila nilipoondoka kwenda shule ya bweni, ulikuwa unabaki hivyo?"

"Kila mara."

"Mimi nilijua ukinipandisha basi tu unageuka."

"Nilikuwa nabaki mpaka likate kona," alisema Mzee Mgaya. "Kila mara, mama."

Ng'ambo ya bonde, kwenye dirisha la basi, mkono ukatokea ukapunga. Safari hii wote wawili waliupungia, na hawakuacha mpaka basi lilipokata kona.

Funzo: Kabla hujamchagulia mtu umpendaye kitu kinachokupendeza wewe, mwulize anahitaji nini, na umwulize kwa namna ambayo hataogopa kukujibu. Mtoto anayesifiwa kila siku kuwa hana kasoro hukosa mahali pa kuisemea shida yake.